Mlango Ulioegeshwa

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyeruhusiwa kutangulia. Tukienda kanisani tulienda wote kwa pamoja, Mama mbele, sisi watoto watatu katikati, Baba nyuma kabisa kama mchunga ng'ombe. Mmoja akiwa bado chini ya kitanda anatafuta kiatu, waliobaki tulisimama langoni na nguo zetu za Jumapili mpaka kiatu kipatikane, hata kama kengele ilishalia na manyunyu yalishaanza. Mezani hatukugusa chakula mpaka wa mwisho aketi. Ukimwambia Baba, "Acha niende, mtanipata huko mbele," aliweka kijiko chini na kukutazama mpaka wewe mwenyewe ukarudi kitini.

"Hii familia itaingia mbinguni pamoja ama ikose pamoja," Mama alikuwa akisema, na hakusema kwa kusifu.

Nilikua nikidhani kila baba duniani yuko hivyo. Baadaye nikawaona baba za wenzangu wakitoka nyumbani peke yao, wakipiga mluzi, na watoto wao hawajali, nikajua kwetu kuna kitu.

Baba alikuwa mtu wa mizani katika ghala moja la mahindi hapa Kitale. Wakulima walileta magunia kwa trekta na mikokoteni, yeye akapima, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akanusa kiganja, akatoa hukumu. "Hii inadanganya," alimwambia mtu, akimaanisha mahindi yamekauka juu tu. Na neno hilo alikuja nalo nyumbani. Ukimwambia umemaliza kazi ya shule, alisema, "Mahindi ya juu ya gunia hayana shida, shida iko katikati," kisha akafungua daftari lako kurasa za katikati. Jioni alivua buti mlangoni, akakung'uta makapi, akaingia na harufu ya mahindi na dawa ya fukusi. Hata leo nikipita karibu na ghala lolote najikuta nimepunguza mwendo.

Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alipiga pasi mashati yake mwenyewe, tena kwa pasi ya makaa, miaka mingi baada ya stima kufika kwetu, kwa sababu ile ya stima aliiona nyepesi, "ati ni kama kupapasa nguo tu." Redio iliwekwa dirishani, rumba ikafunguliwa mpaka majirani wakajua Jumamosi imefika. Hakujua hata neno moja la Kilingala, lakini alitutafsiria bila haya. "Hapa huyu bwana anasema bibi yake amemnyima ugali." Jumamosi iliyofuata wimbo ule ule ulihusu baiskeli iliyoibwa. Tukimkumbusha ya juzi alisema, "Si huyo bwana ana shida nyingi, bana." Gitaa likifika pale linapoanza kukimbia, alitua pasi, akamshika Mama mkono uliojaa unga, wakacheza kati ya meza na kabati, Mama akijifanya amechoka. Nikitaka kumkumbuka Baba vizuri, hapo ndipo ninapoanzia. Lakini kumbukumbu haikai hapo. Inatoka polepole, inaelekea mlangoni.

Baba alipenda kufuli. Banda la kuku lilikuwa na kufuli, choo kilikuwa na kufuli, kabati la vikombe vya wageni lilikuwa na kufuli, na funguo zote alizifunga kiunoni kwa kamba ya katani, zikilia akitembea. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo zito la chuma, na komeo hilo halikutumika. Mlango uliegeshwa tu, ukawekewa kigoda kwa ndani upepo usije ukaupigapiga. Katika utoto wangu wote sikuwahi kusikia mlango wetu ukifungwa.

Mwizi naye si mjinga. Alikuja msimu mmoja wa mavuno, akakisogeza kigoda pembeni kwa adabu, akachukua redio na viatu vya Mama vya kanisani. Asubuhi askari alikuja akauchunguza mlango juu hadi chini.

"Wamevunja?"

"Hapana," Baba alisema.

"Kwani mzee ulikuwa umefunga na nini?"

"Ulikuwa umeegeshwa."

Askari alimtazama Mama. Mama aliitazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa ndani ya slipa za kuogea.

"Muulize yeye," alisema. "Mimi niliacha kuuliza."

Baba alinunua redio nyingine, na kufuli ya kuifungia redio hiyo. Mlango ukabaki vile vile.

Tena si mwizi tu aliyeingia. Mtu yeyote aliyenyeshewa barabarani, Baba alimwita. Wauza viazi kutoka upande wa Endebess kule mlimani, mafundi wasio na kazi, mzee mmoja aliyekuwa amepotea njia na hakukumbuka alikokuwa akienda, wote walikaushiwa nguo jikoni kwetu na kulala sebuleni kwetu. Mama alilalamika kwamba nyumba imekuwa stendi, lakini aliongeza maji ya ugali. Baba aliwahudumia kimya kimya, na kabla hawajaondoka aliwauliza wanatoka sehemu gani ya mlima, na ni nani anaishi huko siku hizi. Aliuliza kama mtu anayepitisha muda. Mimi nilikuwa nikimtazama mikono, na mikono ilikuwa ikizihesabu funguo za kiunoni moja moja.

Kitu alichokipenda kuliko redio ni litungu lake. Lilitundikwa sebuleni kati ya kalenda na picha ya harusi, nyuzi saba juu ya ngozi iliyozeeka. Fundi aliyelichonga aliishi Malakisi, na ngozi ilipolegea Baba alifunga safari mpaka huko kwa fundi yule yule, maana wengine wote aliwaita maseremala wa vitanda. Baada ya chakula cha jioni alilishusha, akaliegemeza kifuani na kufumba macho. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, aliyetuonya kila mara kuhusu ngoma za dunia, na bado alizipiga nyimbo za babu zake mpaka chai ikapoa. Tulipomshika kwa hilo alisema Daudi naye alikuwa na chombo cha nyuzi, mkamuulize yeye kwanza.

Nyimbo nyingi nimezisahau. Mmoja siwezi. Ulikuwa wimbo wa kumpokea mtu aliyechelewa njiani, na kwa Kibukusu chake aliye ndani humuuliza anayeingia: Mvua imekukuta wapi? Umelala kwa nani? Umekula nini? Baba aliimba swali la kwanza, kisha akanyamaza. Hakuimba wala hakugusa uzi, mguu wake tu uliendelea kugonga sakafu. Kisha likaja swali la pili, na kimya tena. Sisi tulipata akili tukaukuta wimbo uko hivyo, na tuliuimba hivyo. Tulinyamaza pamoja naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyekosea mahali pa kuanza tena.

Siku moja shuleni mwalimu wa muziki aliomba wimbo wa nyumbani. Nikasimama, nikauliza kuhusu mvua, nikanyamaza. Mwalimu alinisubiri.

"Umesahau?"

"Sijasahau, mwalimu. Hapo ndivyo unavyoenda."

Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamuuliza Baba majibu ya wimbo ule ni yapi, nisichekwe tena. Alikuwa akikaza uzi. Hakuinua kichwa.

"Hapo si pangu," alisema. "Hapo ni pa mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake aliyemfuata kuzaliwa. Hayo niliyapata kwa Mama tukichambua maharagwe, maana Baba hakuyasema kamwe. Walikuwa wakipiga wawili, harusini na matangani, huyu akiuliza na yule akijibu. Mimi sikuwa nimeanza shule. Siku zile kulikuwa na vurugu mlimani, lakini watu wanaoana hata kukiwa na vurugu, na kuna harusi ya Endebess iliyowaita. Baba alikuwa na zamu ghalani. Akamwambia nduguye, "Tangulia, nitakukuta." Baba Mdogo akaenda na litungu lake begani, kijana asiye na mke wala mtoto.

Baba alipofika kesho yake hakukuta harusi. Alikuta turubai limeanguka, masufuria ya wali uliopoa, na mbwa wakila. Wachache waliokuwa wamebaki hawakukubaliana. Mmoja alisema amemwona akikimbilia msituni pamoja na wengine, mwingine akaapa kwamba hakumwona kabisa. Baba alirudi huko kila siku ya mapumziko, akazunguka vituo vya polisi na mochari, akaulizia litungu masokoni kama labda kuna mtu analiuza. Hakupata mwili, na litungu pia hakulipata.

"Sasa umejua," Mama aliniambia, "na usimwambie kuwa umejua."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri katika nyumba ile. Upepo ukikisogeza kigoda kidogo, nilishika blanketi nikamngoja mtu ambaye hata uso wake siukumbuki. Nilimwonea Baba huruma. Pia nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa akitulea katika nyumba ya kumsubiri mtu mwingine, na sisi tuliokuwa tumefika tayari tulionekana wageni.

Kule nyumbani Bungoma, karibu na Lugulu, aliishi Senge, yaani shangazi yetu, dada yao mkubwa. Kwetu mtu akipotea na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo yake, ukazikwa, ili watu walie na wamalize. Senge aliudai mgomba huo kila Krismasi.

"Mtoto wa mama yetu amelala inje hii miaka yote," alimwambia Baba. "Mzike, tupumue."

"Mimi sizikangi mtu ako hai."

"Ako hai wapi?"

"Wewe umeona kaburi yake?"

"Si ndiyo nakuambia tuchimbe."

Hapo Baba alikuwa akikumbuka kwamba ni mzee wa kanisa, akasema mambo ya migomba ni ya wapagani. Senge akamuuliza, na ule mlango wako je, ni wa dini gani? Walinuniana mpaka Mwaka Mpya, kisha mmoja akamtumia mwenzake kuku, yakaisha mpaka Krismasi nyingine. Lakini Senge hakuwa akitaka kushinda mabishano. Alikuwa na hofu moja, na aliisema mbele ya kila mtu. Kwetu jina la marehemu hurudi kwa mtoto anayezaliwa, na ambaye hajaliliwa na kuhesabiwa marehemu jina lake halitolewi. Ndugu yao hakuacha mtoto. Wao wawili ndio waliobaki wakimtaja, na wote wawili walikuwa wameanza kutembelea fimbo.

Mimi nilioa binti wa majirani zetu wa Kitale, familia ya wakulima waliohamia zamani kutoka upande wa Nyeri. Tulipopata mtoto wa kiume tulimpeleka Bungoma akaonwe, na Baba na Mama wakaja pia. Mke wangu alikuwa ametayarisha zawadi. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa mume, awe hai au amekufa, na hakuna heshima inayopita hiyo. Alisimama mbele ya Baba, akamnyooshea mtoto kwa mikono miwili, akalitaja jina la Baba lote.

Senge alishika kichwa. "Unaita nani, mama? Si huyu ameketi hapa anakunywa chai? Mnataka tumzike na kikombe mkononi?"

Mke wangu alinigeukia, machozi yakianza. Baba ndiye aliyemwokoa. Alimpokea mtoto, akacheka kidogo.

"Asante sana, mama," alimwambia. "Lakini hilo bado nalitumia."

Sasa halitumii tena, na mtoto wetu wa pili ndiye aliye nalo. Siku ile lakini hapakuwa na jina lingine tayari, na mtoto alianza kulia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Alikataa ziwa, akajikaza mwili kama kuni, na mke wangu akawa analia naye. Ndipo Senge alipovuta mkeka karibu, akafanya kama mama yake alivyofanya. Alimtajia majina ya watu wetu waliokwenda, moja moja, akisubiri kila mara aone kama mtoto atanyamaza, maana anayenyamaziwa ndiye aliyerudi kwake. Akamtaja babu, kilio kikaendelea. Akamtaja ndugu wa babu, kikazidi. Alipowamaliza wote alimtazama Baba, aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Usimwite huyo," Baba alisema.

"Majina imeisha."

"Nimesema usimwite."

"Hii mtoto haichagui kwa kutaka yako."

Akaliita jina la ndugu yao. Mtoto alivuta pumzi, akageuza uso, akalishika ziwa.

Najua mtu atasema mtoto alikuwa amechoka tu. Mimi mwenyewe nimelisema hilo mara nyingi, hasa nikiwa na watu wa mjini. Lakini nilimwona Baba. Alikuwa amezoea kuuliza na kusubiri, na kimya kile kilichoingia chumbani alikijua kuliko sisi sote. Aliinua mkono kama anayetaka kutunyamazisha, na sisi tulikuwa tumeshanyamaza. Kisha akatoka nje, na baada ya muda tukasikia panga likinolewa kwenye jiwe.

Mgomba aliuchagua mwenyewe. Alipita shambani akijipima na kila mmoja, maana Baba Mdogo alikuwa akimfikia masikioni. Shati la nduguye alilouvisha alilitoa kwenye mkoba wake wa safari, na sisi hatukujua kwamba analo, wala kwamba alikuwa akisafiri nalo. Lilikuwa limepigwa pasi. Majirani walikuja, Senge akalia kilio alichokuwa amekiweka miaka yote, na mzee mmoja wa kanisa la pale akaomba dua fupi huku akikwepa kuutazama mgomba. Udongo ulipojaa, manyunyu yakaanza. Sisi wa nyumba yetu tukasimama pale pale, kama tulivyofunzwa, tukimngoja Baba.

"Tangulieni," alisema. "Nitawakuta."

Hakuna aliyesogea. Tulidhani hatukusikia vizuri. Ilibidi aseme tena, na Mama ndiye aliyetushika mikono, watu wazima wenye ndevu, akatuondoa.

Mara ya mwisho kumsikia akipiga ilikuwa Kitale, alasiri ya mvua, mtoto wetu akiwa ameanza kutembea kwa kushika viti. Baba alikuwa amezeeka upesi tangu ule mgomba. Rumba ilikuwa ikiimba peke yake dirishani naye amesinzia, na mashati alimwachia Mama apige kwa ile pasi nyepesi. Lakini mtoto alimwamsha wakati wowote. Baba alimwita "mdogo wangu", akamgombeza kwa mambo ya zamani ambayo mtoto hakuwa na habari nayo. "Wewe ulizoea kunimalizia nyama, sasa nakuona." Mke wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akishtuka, siku hizo alicheka tu.

Baba aliniomba nimshushie litungu. Vidole vilikuwa vimekauka, akavipasha moto kwenye kikombe cha chai kwanza. Kisha akaanza. Mvua imekukuta wapi? Nikajitayarisha kunyamaza, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mguu wake uligonga sakafu. Mtoto alikuwa ameketi karibu na kigoda cha mlangoni akitafuna gunzi la hindi. Baba alimtazama, akampa nafasi yake yote. Mtoto akaendelea na gunzi. Ndipo Baba alipoimba, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake.

Imenikuta mlimani.

Nilikuwa nikielekea kupata mvi, na ndiyo kwanza nilikuwa nasikia kwamba wimbo ule una majibu. Umelala kwa nani? Nimelala kwa mtu mwema, amenipa ngozi ya kujifunika. Umekula nini? Nimekula, nimeshiba, hata mbwa wake wameshiba. Nikaelewa kwa nini hakuweza kuyaimba. Nilikuwa nimeamini kwamba anamtunzia nduguye sehemu yake, na hilo lilikuwa kweli, lakini si lote. Yalikuwa majibu mazuri mno, na Baba hakujua kama ni ya kweli. Siku ile bado hakujua. Aliyaimba tu, na mimi nililia bila kujificha.

Palikuwa na mstari mmoja zaidi mwishoni, usiokuwa na swali. Ni wa yule aliyefika. Anawaambia wa nyumbani: Nimeingia, fungeni mlango tulale.

Baba aliuimba mpaka mwisho, akanipa litungu nilirudishe ukutani. Aliinuka akienda kwa kushika viti, kama mjukuu wake, akafika mlangoni. Nje kulikuwa bado mchana, mvua inanyesha barabarani, na hakuna mtu aliyekuwa akija. Alimwinua mtoto akamsogeza pembeni, akakiondoa kigoda kwa mguu, akaurudisha mlango, akalishika komeo. Halikwenda. Lilikuwa limeshika kutu.

"Njoo unisaidie," alisema, na tukalisukuma wawili.